Siku ya tatu mpe jembe: mtoto mwenye ulemavu si mgeni wa darasa

Tangu Rais William Ruto atie sahihi Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwezi Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003, mabishano ya zamani yamerudi mikutanoni mwa wazazi, kuanzia Nakuru hadi Busia. Swali la kwanza huwa: je, sasa shule maalum zitafungwa? La pili: mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nami akimkataa mtoto wangu, naweza kumpeleka mahakamani? Ni maswali halali, lakini yote mawili ni maswali ya geti. Yanahusu nani aingie, aingilie wapi, na nani ameshika ufunguo. Ni wachache wanaouliza mtoto akishaingia atafanya nini. Mimi naona tumebishana pasipofaa kwa miaka mingi, na sheria mpya imetupa kisingizio cha kuendelea. Somo moja katika Gredi ya 1 hadi ya 3 huchukua dakika 30. Kinachoamua kama mtoto mwenye ulemavu anasoma au anaongeza umri tu ni kazi anayopewa ndani ya dakika hizo, awe shule maalum ya Kibos au awe shule ya mtaani Nyalenda, Kisumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunamkaribisha mtoto huyu vizuri, tunamchekea, tunampa kiti cha mbele, halafu tunamwacha awe mgeni mpaka anamaliza shule.

Nitatoa kisa kimoja tu. Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la Gredi ya 2 katika shule moja ya umma pembezoni mwa Kisumu. Mbele, karibu na meza ya mwalimu, alikaa mvulana mwenye mtindio wa ubongo, na kando yake msaidizi aliyelipwa na wazazi, ambaye darasa zima lilimwita anti. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni, anti akazinakili daftarini, kisha akaushika mkono wa mvulana, mkono ukaandika majibu. Mwalimu alipopita akaweka alama za vema, kumi kwa kumi. Niliomba kuliona daftari. Lilikuwa safi, limejaa vema tangu Januari, na hapakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa na mwenye daftari. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama njiwa kwenye boriti. Shule hiyo ilisifiwa kwa kumpokea, na ilistahili sifa, maana nyingine mbili zilikuwa zimemkataa. Mama yake alifurahi kwamba mwanawe "ametulia". Ni neno hilo linalonitia shaka. Mtoto wa miaka saba anayekaa nusu saa bila kuuliza, bila kukosea na bila kumsumbua jirani ameshalihama darasa, hata kama kiti chake kina mtu.

Ukiisoma historia yetu utaona jinsi tulivyozoea kufikiri kwa mageti. Mwaka 1964, serikali changa ya uhuru iliunda kamati ya Ngala Mwendwa kuchunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na kazi yake ikazaa waraka wa serikali wa 1968. Wamishonari walikuwa wameshatangulia. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilianzishwa 1961. Jeshi la Wokovu likawa na shule ya wasioona Kibos na ile ya Joyland mjini Kisumu kwa wenye ulemavu wa viungo. Wakatoliki wakawa na St. Oda kule Aluor, Siaya. Mwaka 1984 vikaanza vituo vya tathmini kwa msaada wa Denmark, na 1986 ikaja taasisi ya KISE ya kuwafunza walimu. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 ikajaza madarasa, na pamoja na umati ule wakaingia watoto wengi wenye ulemavu ambao hakuna aliyewatarajia. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 54, ikawapa haki ya kusoma katika taasisi zilizochangamana na jamii, kwa kiasi kinachoafikiana na maslahi ya mhusika. Maneno hayo ya mwisho husahaulika sana. Sera ya 2018 ikaitanguliza elimu jumuishi, yaani wote kusoma shule moja, bila kufuta shule maalum, yuniti (madarasa maalum ndani ya shule za kawaida) wala masomo ya nyumbani. Kwa hiyo anayetangaza kwamba shule maalum zinafungwa hajaisoma sera, na anayetangaza kwamba kila mtoto lazima apelekwe shule ya kawaida hajaisoma Katiba.

Ndani ya historia hiyo kuna funzo ambalo pande zote mbili hulikwepa. Kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo, shule zetu za viziwi zilifundisha kwa kusoma midomo na kulazimisha sauti. Lugha ya ishara ilianza kukubaliwa rasmi darasani katika miaka ya 1980 tu. Fikiria maana yake. Watoto walikuwa katika shule maalum, wakiwa na walimu wao, mabweni yao na wafadhili wao, na mikono yao imezuiwa kusema. Jengo lilikuwa sahihi, lakini somo halikuwafikia. Walichokipata walifundishana wenyewe usiku bwenini, kwa ishara, taa zikiwaka. Leo Lugha ya Ishara ya Kenya inatambuliwa katika Katiba, na mtahiniwa kiziwi huifanyia mtihani mahali pa Kiswahili. Kilichobadilika katika shule zile ni kile kilichokuwa kikitendeka baada ya kengele kulia. Anwani haikubadilika.

Tukubaliane pia kuhusu tunaozungumza habari zao, maana hapa hesabu zetu hazitoshi. Sensa ya 2019 iliwapata Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Homa Bay na Siaya zilikuwa juu zaidi ya wastani huo, karibu mara mbili. Lakini angalia masharti: miaka mitano na zaidi. Mtoto wa miaka minne anayeanza chekechea hakuhesabiwa kabisa, na umri huo ndio ambao mwalimu makini huanza kugundua. Halafu kuna wale ambao hakuna anayejua kwamba wana tatizo, wao wenyewe wakiwemo. Kule Trans Nzoia, walimu 25 waliwahi kupewa simu zenye programu ya kupima macho, wakawapima watoto karibu 21,000 kwa muda usiofika wiki mbili, na wapatao 900 wakaonekana kuwa na shida ya kuona. Ni walimu wa kawaida, hawakuwa madaktari. Kabla ya siku hiyo wengi wa watoto hao yaelekea walikuwa na jina jingine darasani: mzembe, mtoro wa akili, asiyesikia la mwadhini. Kwa hiyo ninaposema mtoto mwenye ulemavu sisemi juu ya yule mwenye kiti cha magurudumu peke yake. Nasema pia juu ya yule wa dawati la nyuma anayenakili kwa jirani kwa sababu haoni ubao.

Sasa tuzipime hoja. Wanaotetea shule maalum wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa, hasa kuhusu watoto viziwi. Mtoto kiziwi anahitaji lugha kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote, na lugha haifunzwi na mtu mmoja. Inahitaji kijiji. Ukimweka peke yake katika darasa la watoto 60 wanaosikia, na mwalimu anajua ishara za "kaa" na "nyamaza" tu, umemfungia upweke ukauita ujumuishi. Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya viziwi ya Maseno au ya Ngala, Nakuru, akamwona Desemba akirudi na mikono inayosimulia hadithi nzima, sina la kumwambia. Vivyo hivyo mtoto asiyeona anayehitaji Breli: mashine yake ni ghali, na mwalimu wa kumfunza hapatikani kila kata. Watetezi wa ujumuishi wanaposema shule hizi ni mabaki ya ukoloni wanakosa adabu kwa kazi iliyofanyika humo.

Lakini na wao wana hoja yao, na wanaoijua vizuri ni wazazi wasio na nauli. Shule maalum iko mbali. Maana yake ni bweni kwa mtoto wa miaka sita, ada na mahitaji ya bweni hata pale masomo yenyewe yanapoitwa ya bure, na ndugu zake wanaomsahau kidogo kidogo. Mama anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, anayetoka nyumbani kabla ya jua, hana siku ya kutembelea bweni katikati ya muhula. Akimpata mwalimu mwema katika shule ya jirani, mwanawe atarudi jioni na dada yake, atajulikana kwa jina mtaani, atacheza kandanda vibaya kama wengine wanavyocheza vibaya. Faida hiyo haipimwi kwa mtihani na haipaswi kudharauliwa. Shida yangu na kambi hii ni moja tu: hufikiri kwamba mtoto akiwa karibu na wenzake, kujifunza kutamwambukiza kama surua.

Kuna hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ingawa mara nyingi hunong'onwa kwanza kwa mwalimu mkuu: hawa watoto watawachelewesha wenzao. Mzazi aliyejinyima kulipia vitabu na masomo ya ziada hataki mwanawe asubiri. Namwelewa. Lakini tutazame ushahidi, na kwa bahati ushahidi tunao, tena wa nyumbani. Miaka ya 1990, watafiti waligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso wakitarajia alama zipande. Zilipanda kwa wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Kwa walio wengi hakukuwa na tofauti, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza kigumu na mtaala ulilenga wachache wa juu. Soma tena hapo. Katika shule hizo hakukuwa na mjadala wa ulemavu wala elimu jumuishi, na bado sehemu kubwa ya darasa ilikuwa imeachwa njiani. Ikiwa wengi walikuwa wameachwa kabla mtoto mwenye ulemavu hajaingia, yeye amemchelewesha nani? Kinachochelewesha darasa ni mazoea ya kufundisha safu ya mbele na kuwaita wengine wasikilizaji.

Mtetezi hodari wa kuwatenga watoto angenijibu kwa utafiti mwingine, na ni haki niutaje. Katikati ya miaka ya 2000, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Nusu ya shule ziliwagawa watoto katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Nusu nyingine ziliwagawa kwa uwezo, wenye alama za juu huku na wenye alama za chini kule. Katika shule zilizogawa kwa uwezo, makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi, hata lile la chini. Basi, atasema, si ndiyo hiyo? Tenganisha. Sidhani. Watoto wale walibaki shule moja, uwanja mmoja na mtaala mmoja, na kila kundi lilikuwa na mwalimu wake na idadi ndogo ya kubeba. Maelezo ya watafiti wenyewe ni kwamba mwalimu wa kundi la chini alipata nafasi ya kufundisha pale watoto walipokuwa, akaacha kufundisha pale mtaala ulipotamani wawe. Hiyo ndiyo dawa. Kutenganisha ilikuwa njia mojawapo ya kuifikisha, na kuna nyingine: makundi madogo ndani ya darasa lilelile, kazi za viwango viwili juu ya mada moja. Tena utafiti ule haukuwahusu watoto wenye ulemavu, na anayeutumia kufungia geti anaubebesha mzigo usio wake.

Matokeo ya Busia yanatuponya pia na ugonjwa mwingine wa siku hizi, ule wa kudhani kifaa kitafanya kazi ya somo. Kila msimu wa wafadhili na wa siasa huleta picha ya mtoto mwenye ulemavu akiwa ameshikishwa kishikwambi, anatabasamu. Kifaa kinaweza kumfungua mtoto asiyesema, hilo ni kweli, na programu za kusoma maandishi kwa sauti ni neema kwa asiyeona. Ila kishikwambi kinachotolewa kabatini siku ya wageni hakina tofauti na vile vitabu vya Kiingereza. Naomba nisieleweke vibaya, njia panda ya kiti cha magurudumu na choo chenye mlango mpana ni lazima, hazina mjadala. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kupanda njia panda nzuri kabisa kwenda kukaa bure.

Basi jembe lenyewe ni lipi? Ni kazi iliyo ndogo kiasi cha kumalizika na iliyo ya kweli kiasi cha kuhitajika. Wenzake wanafanya hesabu kumi. Yeye afanye mbili, lakini ziwe zake, kwa vifuniko vya soda au punje za mahindi alizozisogeza mwenyewe, hata kama moja ataikosa. Kosa lake ni habari kwa mwalimu. Vema la anti halina habari yoyote. Asiyeweza kuandika aonyeshe kwa kidole, achague kadi moja kati ya tatu, asimame upande wa jibu. Asiyeweza kukaa kitako apewe sababu ya kusimama: kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka rejista ofisini. Mwalimu anayempa mtoto wa namna hii kazi ya kutembea amempa ruhusa ya kutembea bila kumvunja moyo mtu yeyote. Na akishauliza swali, asubiri. Ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Walimu wengi tunasubiri pumzi moja kisha tunamgeukia aliyeinua mkono, na jibu la mtoto lililokuwa njiani linarudi lilikotoka. Baada ya wiki mbili za hivyo hatalituma tena.

Mtoto mwenye usonji huhitaji kujua kinachofuata. Vipande vya katoni ukutani vyenye michoro ya kalamu, uji, mpira na kengele, vinavyopinduliwa kila jambo linapokwisha, havigharimu chochote, navyo huzuia vilio ambavyo sisi huviita utundu. Nasema hivi nikiwakumbuka hasa watoto wa Nyando, ambako mafuriko huweza kuifunga shule au kuigeuza kambi, na ratiba yote ikasombwa na maji. Mtoto wa kawaida huichukulia kama likizo. Kwa mwenye usonji ni dunia iliyobomoka, na siku ya kurudi darasani atahitaji kukaribishwa upya, tena kwa vipande vilevile vya katoni.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo hakuna mwongozo ulioandikwa mbali utakaokuambia. Anayejua Kakamega anajua mvua ya alasiri. Inapopiga mabati yasiyo na dari, hata mwenye masikio mazima hasikii, na mtoto mwenye kifaa cha kusikia anaumia zaidi kwa kuwa kifaa kinakuza kelele pamoja na sauti ya mwalimu. Nimeona walimu wanaopigana na mvua ile kwa kupaza sauti, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba ni mgeni asiyetarajiwa. Mwalimu mwerevu huweka hadithi, imla na kusoma kwa sauti asubuhi, na saa za mvua akaziachia kuchora, kufinyanga na kuandika. Hiyo haihitaji bajeti; inahitaji mtu aliyewahi kukaa dawati la nyuma mvua ikinyesha. Kisumu shida ni jua. Mtoto mwenye ualbino akikalishwa akilitazama dirisha, ubao kwake ni ukungu mweupe, na kuna shule ambazo humlazimisha kuvua kofia darasani kwa jina la sare. Kofia ile ni sehemu ya macho yake. Kumhamisha kiti kufuata kivuli ni kazi ya nusu dakika.

Lugha nayo ningeweza kuiandikia makala yake. Mtaala unaruhusu, tena unaelekeza, watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kiutendaji, shule nyingi huanza Kiingereza siku ya kwanza kwa kuwa wazazi wanakipenda na mtihani uko huko. Mtoto mwepesi huruka kiunzi hicho. Mwenye ugumu wa kujifunza anakutana na Dholuo au Lubukusu nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza ubaoni, kisha tunashangaa kwamba haelewi maagizo. Kabla ya kumwandika kuwa ana upungufu wa akili, mwambie kwa lugha ya bibi yake: leta kile kitabu chekundu. Nimesikia zaidi ya mwalimu mmoja akikiri kwamba nusu ya "ulemavu" wa mtoto fulani uliisha hapo.

Mwalimu anayesoma haya ana haki ya kuniuliza: na mimi nina watoto 70, nitahesabu kumi mara ngapi? Hoja yake ni nzuri, na anayeijibu kwa mahubiri hajawahi kusahihisha madaftari 70 usiku. Mgao wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka hauwezi kufanya miujiza, na nyongeza ya serikali humfuata mtoto aliyeandikishwa kuwa na mahitaji maalum, si yule ambaye hajapimwa. Ndiyo, TSC, tume inayowaajiri walimu, inapaswa kuajiri zaidi. Lakini naomba tusiifanye idadi kuwa ngao ya kila kitu. Karibu yote niliyoyataja, yaani maagizo mafupi, vifuniko vya soda, kungoja jibu, lugha inayoeleweka, yanawasaidia na wale wengine 69, ambao wengi wao, kama Busia ilivyotuonyesha, walikuwa wameachwa pia. Wala kozi peke yake haitoshi. Tuna walimu wenye diploma za KISE na shahada za elimu maalum kutoka Chuo Kikuu cha Maseno wanaofundisha madarasa ya kawaida, na ujuzi wao umelala kwa sababu mwalimu mkuu huwaita tu siku ya kujaza fomu.

Haya yote yakikubaliwa, yapo matatu yanayofuata, na hayahitaji sheria nyingine. Kwanza ni chekechea. Kwa mujibu wa Katiba, PP1 na PP2 ni mali ya kaunti. Gredi ya 1 ni ya serikali ya taifa. Mara nyingi madarasa hayo yako katika uwanja mmoja, yanatenganishwa na mwembe tu, lakini mtoto anapouvuka mwembe ule anaanza upya. Mwalimu wa chekechea alitumia miaka miwili kugundua kwamba anahesabu vizuri akisimama, kwamba sauti ya kengele humtisha, kwamba huitikia akiimbiwa. Ujuzi huo unabaki kichwani mwake. Magavana wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaweza kuamuru, bila kumwomba mtu, kwamba kila mtoto wa namna hii avuke na karatasi moja inayoeleza nini kilimfanya ashike kazi. Ripoti ya kituo cha tathmini hutaja jina la ulemavu, na hilo lina kazi yake, lakini mwalimu mpya anahitaji zaidi kujua kuhusu kengele.

Pili ni huyu msaidizi, anti. Hana nafasi katika orodha ya TSC. Hulipwa na mzazi, au na bodi ya shule ikiwa na huruma na akiba. Hakuna aliyemwambia kazi yake ni nini, kwa hiyo amejitungia: kuhakikisha mtoto hamsumbui mwalimu na daftari halirudi tupu nyumbani. Kwa vipimo hivyo yule wa Kisumu alikuwa hodari. Simlaumu hata kidogo. Bodi inayomruhusu aingie darasani inaweza kumpa sharti moja la siku ya kwanza, kwamba mkono wake usiguse penseli mpaka mtoto awe amejaribu, na likaandikwa, na mzazi akaelezwa kwamba kuanzia sasa daftari litakuja na mikwaruzo.

Tatu ni jinsi tunavyokagua. Ripoti za mtaala mpya zina ngazi nne, na watoto hawa hupewa ya chini, "chini ya matarajio", muhula baada ya muhula, mpaka maneno hayo yanakuwa kama jina la ukoo. Hayamwambii mzazi kitu. Afisa wa ubora anapofika shuleni huhesabu wangapi wameandikishwa, huitazama njia panda, husaini kitabu cha wageni. Angeweza kufungua daftari moja na kuuliza mwandiko huu ni wa nani. Na mzazi anayetafuta shule Januari, awe anaelekea Joyland au shule ya kata yake, akishaambiwa "tunawapokea", asiondoke hapo. Aombe kuonyeshwa mtoto mwingine kama wake aliyeko humo tayari, na aulize jana, kati ya saa mbili na saa sita, alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe. Akijibiwa kwamba huyo hana shida, ametulia sana, aombe kuliona daftari.